Kidonge Mseto Baada ya Mshtuko wa Moyo: Kinambeba Nani, Kinamwacha Nani

Kwa macho, kidonge mseto ni kapsuli ya kawaida. Ukifungua ganda la toleo la Ulaya, jambo ambalo mgonjwa hatakiwi kulifanya, hukuti unga. Unakuta vidonge vitano vidogo: viwili vya aspirini vya miligramu 50 kila kimoja, viwili vya atorvastatini, na kimoja cha ramiprili. Aspirini inazuia chembe sahani, yaani chembe zinazogandisha damu, zisigandamane na kuziba mshipa upya, atorvastatini inashusha kolesteroli, na ramiprili inateremsha presha na kuupunguzia moyo mzigo. Ni dawa zile zile anazoandikiwa karibu kila aliyenusurika mshtuko wa moyo, ila zimefungwa pamoja ili zimezwe mara moja kwa siku. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliviingiza vidonge mseto vya moyo katika orodha yake ya dawa muhimu.

Sifa zinazokitangulia kidonge hiki ni kubwa kuliko kidonge chenyewe. Inasemwa kwamba kitaziba pengo: kwamba mtu wa kipato cha chini, au aliyeishia darasa la saba, atapona sawa na mwenye shahada kwa sababu wote wawili wanameza kitu kimoja. Tumekipima kwa dai hilo. Hukumu yetu ni kwamba ni bidhaa nzuri inayotibu kasoro moja tu, nayo ni dawa nyingi kusahaulika au kuachwa njiani. Pengo lina nyufa nyingine, na mbili tatu kati ya hizo kidonge hiki kinaweza hata kuzipanua.

Pengo lenyewe

Wengi wakisikia kwamba wasio nacho hufa zaidi baada ya mshtuko wa moyo, wazo la kwanza ni bili ya hospitali. Jimbo la Ontario, Kanada, lina bima ya umma inayolipia matibabu ya hospitali kwa wakazi wake. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulifuatilia wagonjwa 51,591 huko, na kwa kila dola 10,000 zilizoongezeka katika kipato cha kati cha mtaa wa mgonjwa, hatari ya kufa ndani ya mwaka mmoja ilipungua kwa asilimia 10. Bili haikuwapo, pengo likabaki.

Mwaka 2023 ulitoka ulinganisho wa wagonjwa wazee wa sehemu sita: Marekani, Kanada, Uingereza, Uholanzi, Israeli na Taiwan. Mifumo ya afya ya huko haifanani hata kidogo, lakini jibu lilifanana. Vifo vya ndani ya siku 30 vilikuwa pungufu kwa pointi 1 hadi 3 za asilimia kwa wenye kipato cha juu, na mwaka mmoja ulipotimia tofauti ilikuwa imekua. Ukubwa huo wa tofauti baada ya mgonjwa kurudi nyumbani ndio unaokipa kidonge mseto sababu ya kuwapo, maana nyumbani ndiko kinakofanyia kazi.

Elimu nayo ina uzito wake mbali na fedha. Utafiti wa PURE, uliofanyika katika nchi 20, ulionyesha mwaka 2019 kwamba kiwango cha elimu kilitabiri maradhi ya moyo na vifo vyake vizuri kuliko mali za kaya. Katika nchi maskini, wenye elimu ndogo walipatwa na matukio makubwa ya moyo na mishipa kwa zaidi ya mara mbili ya wenye elimu ya juu. La kushangaza ni kwamba vihatarishi vyao kwa jumla vilikuwa afadhali kuliko vya wasomi. Kilichokuwa duni ni matibabu waliyopata.

Cheti cha shule hakishushi kolesteroli. Kinachofanya ni kumpa mtu ujasiri wa kupiga simu kliniki dawa inapomkera, uzoefu wa kusoma karatasi yenye maandishi madogo, na lugha ya kubishana na daktari bila kuonekana mkorofi. Kidonge mseto kinaondoa hesabu ya vidonge vitatu. Simu hiyo hakimpigii mtu.

Ushahidi, na umri wa walioutoa

Jaribio la kuaminika zaidi ni SECURE, lililochapishwa mwaka 2022. Wagonjwa 2,499 wa nchi kadhaa za Ulaya, waliopata mshtuko wa moyo ndani ya miezi 6 iliyotangulia, waligawanywa kwa kura: nusu wapewe kidonge mseto, nusu waendelee na dawa zao kama kawaida. Baada ya takribani miaka 3, kifo cha moyo na mishipa, mshtuko mwingine, kiharusi au upanuzi wa dharura wa mshipa vilimpata asilimia 9.5 ya kundi la kidonge, dhidi ya asilimia 12.7 ya wenzao. Kwa hesabu ya mkono, ni kama watu 31 wameze kwa miaka 3 ili mmoja aepuke tukio. Kwa dawa ya kinga, hiyo ni faida ya kuheshimika.

Sasa tusome na yale yasiyoandikwa kwenye vipeperushi. Vifo vya moyo na mishipa vilikuwa asilimia 3.9 dhidi ya 5.8, lakini vifo vya sababu zote vilikuwa karibu sawa: 9.3 na 9.5. Presha na kolesteroli hazikutofautiana kati ya makundi. Waliojieleza kuwa wanameza dawa vizuri katika mwezi wa 24 walikuwa asilimia 74.1 dhidi ya 63.2, na hayo ni majibu ya dodoso, hakuna aliyehesabu vidonge. Faida ipo, ila imepita kwenye mlango mwembamba wa kumeza kwa ukamilifu zaidi kidogo.

Tena kuna jambo la umri. Ili kuingia SECURE ilibidi uwe na umri wa kuanzia miaka 75, au 65 na zaidi pamoja na kihatarishi kingine kama kisukari au ugonjwa wa figo. Wastani ukawa miaka 76. Mfanyakazi wa vibarua anayeanguka akiwa na miaka 49 hakuwamo, na mtu wa aina hiyo ndiye anayetajwa kila kidonge hiki kinapouzwa kama dawa ya usawa. Haimaanishi hakitamfaa. Inamaanisha kwamba anayekiandika kwa kijana huyo anakisia kutokana na matokeo ya wazee.

Walio karibu zaidi na tabaka la chini wamo katika majaribio mengine mawili. Moja, lililochapishwa 2019, lilifanyika vijijini katika mkoa wa Golestan, Iran, na matukio makubwa ya moyo na mishipa yalipungua kwa asilimia 34 ndani ya miaka 5. La pili, la mwaka huo huo, lilifanyika Alabama, Marekani, kwa watu 303 ambao robo tatu yao walikuwa na kipato cha chini ya dola 15,000 kwa mwaka. Umezaji ulifika asilimia 86. Ila Golestan wengi wa washiriki, na Alabama wote, walikuwa bado hawajaugua moyo, na mchanganyiko wa dawa zao haukuwa huu wa aspirini, ramiprili na atorvastatini.

Kinapokwama

Jina lenyewe linapotosha. Mgonjwa aliyewekewa stenti, yaani kibomba cha waya kinachoushikilia mshipa wazi, anahitaji dawa ya pili ya kuzuia chembe sahani, kama klopidogreli miligramu 75 kwa siku au tikagrelori miligramu 90 mara mbili kwa siku, kwa kawaida kwa miezi 12. Haimo ndani ya kapsuli. Akiambiwa "sasa dawa yako ni moja tu", akaenda nyumbani akaliweka pembeni boksi la klopidogreli, stenti inaweza kuziba kwa donge la damu, na mara nyingi donge hilo huua. Kwa hiyo mwaka wa kwanza "kidonge kimoja" ni viwili, na wengine wana cha tatu cha kupunguza mapigo ya moyo. Kauli sahihi ya kumwambia mgonjwa ni hii: kapsuli hii inachukua nafasi ya maboksi haya matatu, na hili la nne linabaki.

Kosa la upande wa pili ni kumeza mara mbili. Nyumbani kuna aspirini ya zamani, pengine na atorvastatini iliyobaki. Kapsuli mpya haifanani nazo kwa rangi wala umbo, na jina la boksi halitaji aspirini kwa herufi kubwa. Anayesoma maandishi ya ubavuni atagundua. Asiyesoma atameza zote, na dalili ya kwanza inaweza kuwa choo cheusi kama lami, yaani damu inayovuja tumboni. Njia pekee tunayoiamini ni mgonjwa kuja na mfuko mzima wa dawa zake, mfamasia auchambue mezani na kuyatoa maboksi yaliyobadilishwa.

Ramiprili ndiyo sehemu inayoleta usumbufu zaidi. Watu 5 hadi 20 katika kila 100 wanaomeza dawa za jamii hii hupata kikohozi kikavu, cha kuwasha koo, kinachosumbua zaidi usiku. Dawa zikiwa mbalimbali, kikohozi kinagharimu dawa moja. Zikiwa ndani ya ganda moja, anayeamua kimya kimya kuacha anaacha na aspirini na atorvastatini, tena katika miezi ambayo mshipa wake uko hatarini kuliko wakati wowote. Mwenye ujasiri wa kuuliza atapiga simu na kurudishiwa dawa tatu mbalimbali, ramiprili ikibadilishwa kwa losatani au valsatani. Mwingine atangoja tarehe ya kliniki miezi mitatu mbele, akiwa hana hata kimoja mwilini. Huu ni mmoja wa nyufa tulizosema zinaweza kupanuka, na haumo kwenye karatasi yoyote ya matangazo.

Kikohozi ni kero tu. Kuvimba midomo, ulimi au uso ni dharura: dawa inasimama saa hiyo hiyo, mgonjwa anakimbizwa hospitali, na hapewi tena dawa ya jamii hiyo maisha yake yote. Hali hii ni adimu, lakini huwapata watu wenye asili ya Afrika mara nyingi zaidi kuliko wengine.

Siku za kuhara na kutapika nazo zina mtego wake. Mwili ukikauka, ramiprili inaweza kuziumiza figo, hivyo ushauri wa kawaida ni kuisimamisha hadi mgonjwa ale na kunywa vizuri kwa siku moja au mbili. Utaisimamishaje bila kusimamisha aspirini? Kwa kapsuli, huwezi. Suluhisho la kutumika ni kumwachia mgonjwa pakiti ndogo ya aspirini na maelekezo kwamba siku hizo aache kapsuli na ameze aspirini peke yake. Maelekezo hayo ni marefu kidogo kwa bidhaa iliyotengenezwa ili kufupisha maelekezo, na tumelitafakari hilo bila kupata njia nyepesi.

Dozi ndiyo kero ya mwandikaji. Kuna ramiprili miligramu 2.5, 5 na 10, na atorvastatini 20 na 40, jumla aina sita. Duka la dawa likiwa na aina moja au mbili, mgonjwa anapewa iliyopo badala ya inayomfaa. Atorvastatini 20 inashusha kolesteroli mbaya kwa kama asilimia 43, na 40 kwa kama 49. Miongozo ya Ulaya inataka ishuke kwa angalau asilimia 50 na ifike chini ya milimoli 1.4 kwa lita, na kwa kawaida inaanza na dozi ya juu ya 40 hadi 80. Maana yake toleo la 20 halimtoshi mtu aliyetoka wodini isipokuwa ana sababu maalumu, na hata la 40 mara nyingi litahitaji ezetimibe, dawa nyingine ya kushusha kolesteroli, miligramu 10 pembeni, inayoongeza kama asilimia 20 nyingine. Tena kidonge kingine.

Jinsi ya kukianza bila kuharibu

Kwanza, mgonjwa asianzishiwe kapsuli siku ya kwanza. Aanze na dawa mbalimbali akiwa bado wodini au wiki za mwanzo, ramiprili ipandishwe taratibu kutoka 2.5, na damu ipimwe kreatinini na potasiamu, ili kuona kama figo ziko salama, wiki 1 hadi 2 baada ya kuanza na baada ya kila kupandisha. Kolesteroli ipimwe wiki ya 4 hadi ya 6. Dozi zikitulia na kikohozi kisipotokea, ndipo ahamishiwe kwenye kapsuli yenye vipimo vile vile. Kapsuli ni ya kutunzia dozi iliyokwisha kupatikana. Ukiitumia kuitafuta dozi, kila badiliko la presha linamfanya mgonjwa atupe boksi zima.

Mtu aliye mbali na maabara, anayeweza kufika kliniki mara mbili tu kwa mwaka, hawezi kufuata ngazi hizo. Kwake kapsuli ya ramiprili 2.5 na atorvastatini 40 tangu mwanzo ni bora kuliko kungoja mpango kamili usiotimia. Hapo kidonge mseto kinashinda waziwazi, na wanaokipinga kwa sababu ya dozi wanapaswa kukumbuka matokeo ya PURE ya mwaka 2011: katika nchi maskini, watu 80 katika kila 100 wenye ugonjwa wa moyo au waliopata kiharusi hawakuwa wakimeza hata moja ya dawa nne za msingi. Dozi pungufu kidogo inalinganishwa na sifuri.

Wasiopewa kabisa: mjamzito au anayetarajia kushika mimba, mwenye kidonda cha tumbo kinachovuja, aliyewahi kuvimba uso kwa dawa za jamii ya ramiprili, na mwenye ugonjwa mkali wa ini au figo. Anayemeza aspirini pamoja na klopidogreli ajadiliwe kupewa dawa ya kulinda tumbo. Ibuprofeni na diklofenaki zisiguswe: ibuprofeni inaweza kuizuia aspirini isifanye kazi, na zote mbili zikikutana na ramiprili zinazilemea figo. Kwa maumivu ya kawaida ipo parasetamoli. Akiandikiwa klarithromaisini kwa kifua au koo, aseme anameza atorvastatini, kwa sababu hiyo antibayotiki inaipandisha atorvastatini katika damu hadi misuli iume na mkojo ugeuke rangi ya chai isiyo na maziwa.

Maelekezo yasiishie kwa mgonjwa kuitikia "ndiyo daktari". Muuguzi aseme, "Mzee, nieleze mimi utakavyozimeza hizi kesho asubuhi ukiwa nyumbani, na kikohozi kikikushika utafanya nini." Akikosea, aliyekosa kueleza ni muuguzi, arudie kwa maneno mengine. Zoezi zima ni dakika 3 hadi 5, na tukilazimishwa kuchagua kati ya dakika hizo na kapsuli yenyewe, tungechagua dakika.

Jambo la bei ni fupi. Aspirini, ramiprili na atorvastatini zote zilishatoka kwenye hataza, yaani haki ya kiwanda kimoja kuzitengeneza peke yake, na zinatengenezwa na viwanda vingi. Linganisha bei ya kapsuli na jumla ya zile tatu zikinunuliwa mbalimbali. Ikizidi, muulize mwenye mfuko wake, usimwamulie. Marekani, jaribio la mwaka 2011 liliwaondolea malipo ya dawa waliotoka kupata mshtuko wa moyo, na umezaji ulipanda kwa pointi 4 hadi 6 tu za asilimia. Fedha inahesabika, lakini kumbe hata bure haimezeshi.

Hifadhi: aspirini haipendi unyevu. Kapsuli zikitolewa kwenye karatasi yake na kumwagwa kwenye chupa au kufungwa kwenye kipande cha gazeti, baada ya muda zinaanza kunuka siki. Harufu hiyo ni aspirini inayovunjika. Zisimezwe.

Na lipo la boksi, ambalo watengenezaji wangelirekebisha kesho wakitaka. Lina kapsuli 28, na mgonjwa anapewa tarehe ya kliniki ya mwezi kwa mwezi, tuseme kila tarehe 10. Mwezi una siku 30 au 31, kwa hiyo kila mwezi siku 2 au 3 za mwisho hazina dawa. Maboksi 12 ni siku 336, zinabaki siku 29 za mwaka mikono mitupu, na kwenye faili bado ataonekana amechukua dawa zake zote bila kukosa. Mwenye kuhesabu atalinunua boksi la 13 kwa fedha zake. Kwa wengine, aandikiwe kila wiki ya nne badala ya kila mwezi: kama boksi la kwanza limetolewa Jumanne, la pili litolewe Jumanne ya nne inayofuata, na kalamu nyekundu iandike siku hiyo juu ya boksi.